Nataka kumpeleka mama Bagamoyo Jumapili, mkononi nina laki moja kwa watu watatu

Binti wa Kimanga:

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Bagamoyo vizuri.

Mama yangu yuko kwangu hapa Tabata, katoka Tabora. Alikuja kwa ajili ya magoti, kliniki imeisha, dawa kapewa, na wiki ijayo anapanda treni kurudi. Ni mara yake ya kwanza kufika pwani. Nilimpeleka Coco Beach jioni moja, akala mihogo, akaloweka miguu, akafurahi kiasi chake. Ila mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na somo lake kubwa lilikuwa historia. Miaka yote amewafundisha watoto wa watu habari za misafara ya pembe za ndovu na Bagamoyo, na Bagamoyo yenyewe hajawahi kuiona. Juzi tunakula ugali akasema tu, "Kumbe hapa kwako na Bagamoyo ni karibu hivyo?" Akanyamaza. Nikaelewa.

Mimi nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, siku yangu ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Tutakuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu aliye kidato cha pili. Nimejikusanya nikapata laki moja kamili, na hiyo ni kuanzia tunafunga mlango asubuhi mpaka tunaufungua usiku. Gari sina.

Dukani wenzangu wananiambia nitafute hoteli ya ufukweni, tulipie kuingia, tukae. Nimekokotoa, nikaona hela yote inaishia kwenye viti na soda, na mama hatakuwa ameona anachokitaka.

Naomba kujua gari napandia wapi, tuone nini na tuache nini kwa siku moja, na wapi tutakula vizuri bila kuumizwa. Halafu hili la watembeza wageni. Mwaka jana nilikwenda mahali fulani, sitapataja, kijana akajifanya anatupokea kwa ukarimu, mwisho wa safari akadai hela ambayo hatukuwahi kuizungumza, mbele za watu. Nikalipa kwa aibu. Sasa naogopa. Je, tunaweza kuzunguka wenyewe?

Natanguliza shukrani.


Mzee wa Bunju:

Binti, usafiri usikuumize kichwa. Nendeni stendi ya Makumbusho, Costa za Bagamoyo zinapakia pale. Kutoka Tabata chukueni daladala ya kuwafikisha Makumbusho. Ni kilomita kama 70 hivi, na nauli ya kwenda haifiki elfu tano kwa mtu mmoja. Muulize konda kabla ya kukaa, na umsikilize abiria wa pembeni anatoa ngapi.

Jumapili asubuhi barabara inapumua. Mkiondoka mapema mtapita Mwenge, Tegeta na kwangu hapa Bunju bila foleni. Kazi iko kurudi. Jioni ya Jumapili watu wa fukweni na watu wa harusi wanarudi mjini wakati mmoja, na mama mwenye magoti mabaya akikosa kiti mtajuta. Saa kumi jioni muwe mmeshakaa ndani ya gari. Na mama akae siti ya mbele kabisa au ya mlangoni, zile za nyuma hazina nafasi ya kunyoosha mguu.


Mwana wa Dunda:

Dada, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Kama ni Mnyamwezi, mwambie mtani wake Mzaramo wa Bagamoyo anamsalimu, na akifika asishangae wazee wa barazani wakianza kumtania mara tu wakisikia katoka Tabora. Utani wetu na Wanyamwezi ulizaliwa njiani, babu zao wakishuka na mizigo na babu zetu wakiwapokea huku chini.

Mimi nimezaliwa Dunda, hapo Bagamoyo, nimekulia pale, sasa naishi Boko kwa sababu ya kazi. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Laki moja inatosha, tena mtakula mshibe. Ila naomba unielewe kwa jambo moja: bana hela kwenye kila kitu, kwa mtembezaji usibane. Hoteli achaneni nayo. Gari la kukodi achaneni nalo. Lakini Bagamoyo ukiizunguka bila mtu wa kukusimulia, unaona kuta zilizobomoka, miembe na jua kali, unarudi Dar unasema mji ule umechoka. Nimewaona wengi wakirudi hivyo, na huwa inaniuma kweli. Kwa mwalimu wa historia aliyesubiri maisha yake yote, itakuwa dhambi.

Sasa siku yenyewe. Anzeni na Kaole, asubuhi, kabla jua halijapanda. Kaole iko kusini mwa mji, kama kilomita tano. Mkishuka stendi tafuteni bajaji moja ya watu watatu, mkubaliane kwenda, kusubiri na kuwarudisha mjini. Ukisema kwenda tu, halafu mkitoka hakuna bajaji, mama atatembea juani. Dereva mtu mzima ni bora, atasubiri bila kunung'unika. Mimi kwa kazi hiyo huwa natoa elfu kumi na tano, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Pale Kaole kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi ya mawe. Msikiti mkongwe zaidi ni wa karne ya 13, yaani mji ule ulikuwa unaswali na kufanya biashara miaka mia kadhaa kabla Mreno hajaonekana kwenye bahari hii. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kibla bado imesimama, utaiona mara moja. Lakini msikimbilie kupiga picha. Nendeni kwenye makaburi yenye nguzo, na mwambie mdogo wako aitazame nguzo kwa karibu. Ataona vishimo vya duara vilivyochimbwa kwa ustadi, ukubwa wa bakuli. Humo walipachika mabakuli ya kauri yaliyotoka China. Mabakuli yenyewe hayapo tena, ila duara limebaki, safi kabisa, na ukilitazama unaelewa kwamba mtu aliyezikwa pale alikuwa na ndugu wenye uwezo, na ndugu hao walikuwa na habari za dunia. Kuna chumba kidogo cha makumbusho hapo hapo, mtaona vipande vya vyombo walivyochimbua.

Muulizeni mtu wa pale kwa nini Kaole ilikufa. Atawaonyesha mikoko. Bahari ilikuwa inafika karibu na mji, majahazi yanaegesha, kisha tope na mikoko vikaziba njia, biashara ikahamia kaskazini, ndiyo Bagamoyo tunayoijua. Mama atapenda hilo, ni somo zima bila ubao.

Jambo la adabu. Makaburi yale watu wanayaheshimu mpaka leo, kuna wanaokuja kusoma dua. Vaeni vya kusitiri, msikae juu ya kaburi hata kama ni jiwe zuri la kupumzikia. Mama abebe kigoda kidogo cha plastiki kama anacho. Sitanii, kwa magoti kigoda kina faida kuliko mwavuli.

Mkirudi, dereva awashushe Karavanserai, kati ya mji. Hapo ndipo wapagazi walipofikia baada ya safari ya kutoka bara. Umesema mama amefundisha misafara, basi msimamishe hapo uwani mwambie: kutoka kwenu Tabora mpaka hapa ilikuwa miezi miwili hadi mitatu kwa miguu, mzigo begani. Yeye anarudi kwa treni. Kwa vijana wa Kinyamwezi safari hii ilikuwa heshima. Kijana aliyefika pwani akarudi, alionekana mtu mzima kwao.

Hapo hapo mtafute mtembezaji, kupitia ofisi, siyo yule anayekufuata barabarani. Umeumizwa mara moja, kwa hiyo fanya hivi: kabla hamjapiga hatua ya kwanza uliza bei ni ya kundi au ya kichwa, uliza ni saa ngapi, uliza kiingilio kimo au hakimo, na umwambie mbele ya mama na mdogo wako. Mwambie pia bajeti yako bila aibu. Mtembezaji mzuri akijua una elfu ishirini atakupangia matembezi ya elfu ishirini. Mwambie mama ni mwalimu mstaafu, uone atakavyobadilika. Viingilio vya Mtanzania ni vidogo sana ukilinganisha na vya mgeni wa nje, mbebe vitambulisho, mlipie ofisini na mchukue risiti.

Kutoka hapo mtatembea polepole. Ngome Kongwe ilijengwa 1860, ikawa mali ya Sultani, ikawa ya jeshi la Wajerumani, baadaye ikawa gereza. Jumba moja, mabwana wengi. Mtaa wa India una nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye baraza na milango ya kuchonga. Mingine imeoza, mingine inang'aa. Boma la Mjerumani ni la 1897. Kuna na mnara wa kumbukumbu pale Wajerumani walipowanyongea watu waliowapinga. Hapo mtembezaji wetu mmoja huwa anavua kofia kabla ya kuzungumza. Wageni wa kwetu wengi wanapapita kwa dakika moja. Msipite hivyo. Vita vya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, vya 1888 na 1889 vilipiganwa kwenye pwani hii, na yeye mwenyewe akanyongewa Pangani Desemba 1889.

Fikeni mpaka forodhani, kwenye soko la samaki. Mtakula hapo, wengine watakueleza. Mimi nataka mama aangalie maji. Yakipwa, yanakwenda mbali mno, majahazi yanabaki yamelala ubavu kwenye tope. Ndiyo sababu mji huu ulipoteza ukubwa wake. Wajerumani walianza na Bagamoyo kama makao makuu, meli zao kubwa zikashindwa kusogea, 1891 wakahamia Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina. Wewe unauza vitambaa Kariakoo leo, na chanzo chake kimojawapo ni tope lile.

Mwisho nendeni Misheni. Hapo nitakuachia mwenyewe ugundue, ila msikose mambo mawili. La kwanza ni njia ya miembe mikubwa iliyopandwa na mapadre. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Kivuli chake mchana ni bure kabisa, na mtu wa Tabora anajua mwembe ni nini, njia ya misafara hadi leo unaifuata kwa miembe. La pili ni mnara wa kanisa la zamani la 1872. Livingstone alifariki 1873 huko ambako leo ni Zambia, na watu wake, Chuma na Susi na wenzao, wakaukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba ya mwaka huo walikuwa Tabora, pale Kwihara ambako Livingstone aliwahi kukaa. Februari 1874 walifika hapa, mwili ukalazwa kwenye kanisa lile usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Mama bila shaka kashapeleka wanafunzi Kwihara. Sasa aone upande wa pili wa njia ile ile.

Hela. Nauli ya Costa watu watatu kwenda na kurudi haifiki thelathini. Daladala za Tabata mpaka Makumbusho, weka tano. Bajaji kumi na tano, mtembezaji ishirini. Chakula na maji ishirini bila kubana. Kinachobaki ni viingilio na akiba. Akiba hiyo usiifanyie kazi mpaka mko kwenye gari la kurudi.


Mama Nasra:

Mwana wa Dunda umenikumbusha nyumbani. Mimi niliolewa Bagamoyo, nikakaa pale mpaka mume wangu alipohamishiwa Temeke.

Mdogo wangu, kwenye chakula nenda hivi. Asubuhi mkishuka stendi msile chipsi. Tafuteni akina mama wenye vitumbua na chai ya rangi yenye tangawizi, mama aweke kitu cha moto tumboni kabla ya dawa zake. Mchana hapo sokoni karibu na forodha kuna makarai makubwa ya kukaangia, samaki anatoka majini anaingia kwenye mafuta. Usichague aliyekwisha kaangwa akawekwa kwenye sinia mpaka mkia umekunjamana. Chagua mbichi, tazama jicho kama linang'aa, nyanyua shavu uone kama ni jekundu, kubaliana bei, ndipo akaangwe ukiwa umesimama hapo. Changu mmoja wa wastani na kibua wawili watatu, mnashiba watu watatu. Ugali au wali, kachumbari na ndimu kwa mama lishe wa pembeni. Pweza nawashauri mumwonje, mama wa Tabora hajawahi, na supu yake ni kikombe kidogo tu, bei nafuu.

Bara wamezoea sato na sangara, samaki wa maji chumvi ana ladha nyingine. Mwache mama aseme mwenyewe, usimlazimishe kusifu.

Na magoti: kuanzia Karavanserai mpaka forodhani ni mwendo wa polepole unaowezekana. Kutoka hapo kwenda Misheni kwa mguu, hapana. Chukua bajaji, ni hela ndogo. Kanga moja ya ziada kwenye mkoba, ya kujifunika, ya kukalia, ya kufutia jasho.


Kijana wa Sinza:

Mimi naona elfu ishirini ya mtembezaji ni hela ya kutupa. Historia yote iko kwenye simu. Mdogo wako wa kidato cha pili asome usiku wa Jumamosi, Jumapili awasomee. Hiyo ishirini ongezeni mkae hata saa moja sehemu nzuri ya ufukweni mle kitu.

Halafu Bagamoyo yenyewe nijuavyo ni habari ya watumwa tu, mama atatoka pale na huzuni. Kwa mgonjwa wa magoti aliyekuja kupumzika sijui kama ndiyo sehemu ya kumpeleka.


Mwana wa Dunda:

Kijana wa Sinza, mdogo wangu, nakujibu kwa sababu hilo la mwisho wanalisema wengi na nisingependa dada aende na picha hiyo peke yake.

Watumwa walipita Bagamoyo, ni kweli, na hakuna wa kwetu anayekataa. Misheni yenyewe ilianzisha kijiji cha waliokombolewa. Lakini bandari iliyopeleka watumwa wengi zaidi Unguja kutoka pwani hii ilikuwa Kilwa. Bagamoyo uti wake wa mgongo ulikuwa pembe za ndovu, na waliozibeba wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi wengi ndani yao. Walikubaliana ujira, walikataa mzigo uliozidi, walitoroka kiongozi akiwadhulumu, walikuja makumi ya maelfu kila mwaka wakajaza mji wakisubiri mzigo wa kurudi nao. Walilima, waliuza, walioa. Dada wa Kariakoo utapenda hili: ujira wao mwingi ulikuwa vitambaa. Merikani, ile pamba nyeupe iliyofumwa Marekani, na kaniki ya bluu iliyotoka India. Kitambaa kilikuwa ndiyo fedha ya njia nzima mpaka Ujiji. Mama akisikia hivyo hatatoka na huzuni tu, atatoka na kitu cha kuwaelezea wenzake Tabora: kwamba babu zao walifika hapa kama wafanyakazi, na mji huu ulisimama juu ya mabega yao.

Sasa hili la simu. Simu inakupa mwaka. Simu haijui kwamba nyumba ile yenye mlango uliopauka ilikuwa ya nani na nani kairithi, na haimwiti bibi anayekaa barazani aje amsalimie mama yako. Mtembezaji mzuri wa Bagamoyo ana shangazi kila mtaa. Mara ya mwisho nilipopita na wageni wangu Mtaa wa India, mtembezaji aligonga mlango, akatoka mzee wa Kihindi mwenye msuli, akatuonyesha bawaba ya chuma ya mlango wake, nzito mno, bado inazunguka kwa mkono mmoja. Tulikaa naye tukinywa kahawa. Kwenye simu hilo halipo. Na hiyo ishirini inabaki Bagamoyo, inalipa ada ya mtoto wa Magomeni ya kule kule au Dunda. Mji mkongwe usipowalisha vijana wake, watauza milango ile kwa watu wa mahoteli, na imeshaanza.

Kuhusu ufukwe, bahari ni ya bure. Mkimaliza kula, teremkeni mchangani hapo hapo.


Binti wa Kimanga:

Jamani, asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote, isipokuwa ya Kijana wa Sinza nimeyapunguza makali. Alipofika kwenye shikamoo ya mtani alicheka mpaka akashika goti. Kasema nimjibu hivi: "Mwambie huyo Mzaramo babu yangu aliacha deni kwao, nakuja kudai." Kisha akaniuliza kama kweli ile ofisi ya Karavanserai iko kwenye jengo lenyewe la zamani, nikashindwa kumjibu.

Kwihara amepeleka watoto kila mwaka. Kumbe hakuwahi kufikiria kwamba mwili ule ulikaa Tabora ukaenda kulala Bagamoyo. Amechukua daftari, anaandika maswali. Nadhani huyo mtembezaji atachoka yeye.

Maswali yangu ni mawili. Mama ni Mkatoliki, asingependa kukosa misa Jumapili. Tukianza na Kaole tutaipata? Na je, tukiona goti limekataa, tukate nini?


Mwana wa Dunda:

Mwambie mama deni la babu yake tulishalilipa kwa nazi, risiti ililiwa na mchwa. Karibu sana.

Misa: mama asali misa ya kwanza hapo Tabata alfajiri, halafu ndiyo mtoke. Msijaribu kuibana misa Bagamoyo katikati ya siku, mtaharibu vyote viwili. Mtachelewa kidogo kufika, siyo mbaya. Misheni ataingia kanisani apige goti, kama goti linapigika, aone kanisa kubwa la 1914 na makaburi ya mapadre wa kwanza. Wengi wao walikufa wakiwa bado vijana, kwa homa.

Jengo la Karavanserai ni uwanja wenye ukuta na vyumba kuzunguka, na ofisi imo humo. Kilichopo leo kimekarabatiwa sana, ila mahali ni pale pale.

Goti likikataa, kateni Boma na Ngome, mtayaona kwa nje bajaji ikipita. Karavanserai, Misheni na forodhani msiguse. Kaole msikate kama mko na bajaji, kwa sababu kutoka getini mpaka makaburini si mbali, na pana miti ya kupumzikia.


Mzee wa Bunju:

Nyongeza ndogo. Chenji. Vunja noti za elfu kumi Jumamosi hapo hapo dukani kwako, uwe na mia tano, elfu moja na elfu mbili za kutosha. Konda, mama wa vitumbua na bajaji wote watakwambia hawana chenji, na ndipo bajeti za watu zinapovujia. Na simu ya mdogo wako ichajiwe, maana picha atapiga yeye.


Binti wa Kimanga:

Chenji nimeshaweka pembeni. Kigoda tumekipata kwa jirani. Mama anasema treni ya wiki ijayo isogezwe siku mbili mbele, endapo Jumapili mvua itanyesha.